Magoti ya Mtendaji wa Mwamabwe

Jumapili, 2 Juni 2024

Nimefika juu saa kumi na moja jioni. Nimekaa kwenye jiwe, nimehema. Miaka minne naupanda mlima huu na bado mapafu yangu yanashangaa kila safari.

Daftari hili kanipa mke wangu, Akeyo, leo asubuhi nyumbani kwetu Nyakato, mjini. Anasema amechoka kusikia malalamiko yangu kwenye simu. Kila siku niandike kwanza jambo moja la kushukuru, ndipo nilalamike. Yeye anafanya kazi kiwanda cha magodoro, hawezi kuhamia huku. Mimi, Yakobo Oyoo, mtendaji wa kijiji cha Mwamabwe, siwezi kuhamia kule. Binti yetu Akinyi yuko bweni. Tunaonana na Akeyo wikiendi mbili kwa mwezi, kama mfungwa na mgeni wake.

La kushukuru: Akeyo kanikaangia sato mzima, akaniachia na kichwa.

Sasa malalamiko. Chini ya mlima, pale pikipiki zinapoishia, nimemkuta Chenge, mtendaji wa kijiji cha Bondeni. Kijiji chake kimetandazwa kama mkeka. Ana zahanati. Ana barabara. Ana mtandao mpaka chooni! Kanisalimia kwa furaha, nikajua kuna ubaya. Eti mjini zimetangazwa nafasi za watendaji wa mitaa, moja iko Nyakato, na yeye ameshaomba uhamisho. Nyakato! Chenge anatafuta nini Nyakato? Mke wake anaishi naye. Ng'ombe wake wanaishi naye. Nimempongeza mpaka taya zikauma.

Nimepanda mlima nikiwaza. Nilipofika kwenye mwamba wa mwisho nilikuwa nimeshapata wazo.

Jumatatu, 3 Juni

Wazo lenyewe ni magoti.

Barua zangu mbili za zamani za kuomba uhamisho niliandika "kwa sababu binafsi". Sikujibiwa hata moja. Safari hii nimeandika kwa sababu za kiafya. Nimeandika kwamba magoti yote mawili yameharibika kwa kuwatumikia wananchi wa milimani, kwamba usiku yanalia kama mlango, kwamba kila hatua ni mateso. Nilipoisoma tena nimejionea huruma, nusura nitoe machozi. Barua nzuri sana. Imeshuka saa nne na kijana atakayempa mtu wa bodaboda kule chini.

Nimetaja magoti mawili kwa makusudi. Mtu wa goti moja anaweza kusahau akachechemea mguu usio wake. Mimi nitachechemea wowote.

Nimeanza mazoezi hapohapo, kutoka ofisini mpaka bombani. Mzee Maige, mwenyekiti wa kijiji, kaniona. Nimempa shikamoo, hakuitikia marahaba, macho yalikuwa miguuni kwangu. Kauliza tangu lini. Nikasema tangu kitambo, sikutaka kuwasumbua. Mzee kavua kofia. Kasema, "Kumbe umetumalizia magoti yako, Mtendaji." Akaishika kifuani kama yuko msibani.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna atakayesoma. Watu wa Mwamabwe wananipenda kwa sababu ya lile bomba. Mwaka juzi niliandika barua ya kuomba maji yaletwe karibu na nyumba ya mtendaji. Fundi aliishika ramani juu chini, bomba likaenda kutokea katikati ya kijiji. Nilikasirika wiki nzima. Wao walinichinjia mbuzi. Mpaka leo wanaamini niliwapigania, na mimi sijapata nafasi nzuri ya kuwasahihisha.

La kushukuru: yule fundi.

Jumanne, 4 Juni

Saa moja asubuhi, hodi. Bernadeta, mke wa Mzee Maige, na beseni la maji ya moto, chupa ya mafuta meusi na mawe mawili ya mviringo. Kasema, "Pole sana, Mtendaji. Kaa hapa." Nimejaribu kusema leo nina nafuu. Kasema nafuu ndiyo inayodanganya watu.

Mawe yalikuwa yametoka kwenye moto. Sitaeleza. Wameniambia sauti yangu ilisikika mpaka shuleni, na mwalimu akasimamisha somo.

Sasa nachechemea kweli. Miguu yote miwili. Nimepata faida ya kutohitaji kukumbuka.

Bernadeta kaniachia bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga. Tamu kupita kiasi. Nashukuru kwa michembe. Mawe, hapana.

Kaniambia pia mkwewe Hellen amefika miezi tisa, siku yoyote atajifungua, na anaomba nimwandikie barua ya mtendaji, ile ambayo bila hiyo zahanati ya Bondeni haimpokei mama akasubiri huko mapema. Nimesema kesho.

Jumatano, 5 Juni

Kimefanyika kikao cha kijiji bila mtendaji. Kisheria hicho si kikao. Nilitaka kuwaambia hivyo, lakini nikaona ajenda ilikuwa moja tu, na ajenda ilikuwa mimi.

Wameazimia mtendaji asitembee tena. Ngosha, mvunja kokoto, mwenye mikono kama mapaja ya watu wengine, amekata miti miwili mirefu. Wamefunga blanketi katikati kwa kamba za katani. Machela. Yangu! Watu wanne wakasimama mlangoni saa mbili asubuhi wakaniomba nipande, twende kukagua vitongoji.

Nimekataa. Wamedhani naona haya. Wamenibeba hivyohivyo.

Vitongoji vyote vinne! Sijawahi kuvifikia vyote kwa siku moja, nakiri. Kimoja sikuwahi kukifikia kabisa, ripoti zake nilikuwa natunga. Watu wake wamefurahi sana kuniona, wamenipa kuku. Huko juu ziwa linaonekana lote, limelala kama bati jipya, na visiwa vyake. Nimekaa kwenye machela nikitazama, upepo unapuliza, watu wananibeba huku wanaimba. Kusema kweli imenipendeza. Nimewapungia watu mkono mara mbili. Ya tatu nimejizuia.

Tumefika mpakani mwa Bondeni. Chenge alikuwepo. Ametoa simu.

Sikumwandikia Hellen ile barua. Nimerudi nimechoka na kubebwa.

Alhamisi, 6 Juni

Picha yangu iko kwenye kundi la simu la watendaji wote wa wilaya. Nimelala kwenye machela, kuku kifuani, mkono juu. Chenge kaandika chini yake: "Mtemi wa Mwamabwe akikagua himaya."

Nimeiona saa sita, nilipopanda Jiwe la Mtandao. Ndipo mahali pekee kijijini penye mawimbi. Linapandwa kwa mikono na miguu kama nyani, basi nimesubiri watu wakawe mashambani kwanza. Nikiwa juu kabisa, simu imelia.

Afisa Utumishi wa wilaya, Bi Rose Kashindye. Kasema amesoma barua yangu, ameona na picha, amesikitika. Hawezi kupitisha uhamisho wa kiafya kwa karatasi peke yake, atakuja mwenyewe Jumatatu saa nne kunitazama, halafu tutaongozana kwa daktari. Nimesema karibu sana. Nimesema kwa sauti ya mgonjwa, nikiwa nimening'inia kwenye mwamba kwa mkono mmoja.

Simu ya pili ni Akeyo. Dereva mmoja wa huku kamrushia picha. Alikuwa analia. Eti nimeanguka wapi, mbona sikumwambia, eti ameomba ruhusa kazini na Jumamosi anapanda. Nimemwambia si kitu kikubwa. Amelia zaidi. Kasema hivyo ndivyo alivyosema marehemu kaka yake.

La kushukuru leo nimelitafuta sana. Mtandao ulikatika kabla Chenge hajapiga.

Jumamosi, 8 Juni

Akeyo kafika saa saba, kiatu kimoja kimekatika ukanda, jasho mpaka kwenye mkoba. Nilikuwa kitandani, magoti yamefungwa vitambaa. Bernadeta kampokea mzigo, kampa pole, katoka akatuacha.

Akeyo kanitazama usoni. Katazama magoti. Kafunga mlango.

"Simama," kasema.

Nikamwambia daktari angekataza.

"Baba Akinyi. Jumamosi iliyopita kwenye harusi ya Adoyo kule Igogo ulicheza mpaka ukavunja kiti cha watu. Simama."

Nimesimama. Nikamweleza yote. Chenge, Nyakato, barua, mawe ya Bernadeta. Nilitegemea anipige na kile kiatu. Alikaa kitandani akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia tena, kumbe anacheka. Kisha akalia kweli. Kasema tangu Alhamisi hajala. Kasema alikuwa ameshapanga moyoni kuacha kazi aje kuniuguza.

Hilo limeniingia. Nilikuwa sijui nina mtu wa kuacha kazi kwa ajili ya magoti yangu.

Ametaka nimwambie Mzee Maige ukweli leo hii. Nimemwomba iwe Jumatatu, Afisa akishaondoka. Kasema kabla hajaja. Tumekubaliana kesho. Kasema atabaki mpaka Jumanne kuhakikisha.

Tumekula ugali wa muhogo na dagaa, wawili tu, mlango wazi, ziwa kule chini. Nashukuru. Leo sikulazimika kutafuta.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kanisani kwa lengo la kusema ukweli. Wamenibeba, lakini lengo lilikuwa hilo.

Baada ya ibada nimemwita Mzee Maige pembeni. Nimeanza: "Mzee, kuhusu haya magoti." Kanikatiza. Kasema anajua. Nikashtuka! Kasema kijiji kizima kinajua kwamba mkubwa wa wilaya anakuja kesho kuniondoa kwa sababu ya ugonjwa, kama gari bovu. Hawatakubali. Akatoa kwenye koti karatasi nne zilizobandikwa kwa ugali. Maombi ya wananchi. Majina mia mbili na kumi na nne, wasiojua kuandika wamechovya dole gumba kwenye masizi. "Hata kama atatambaa," wameandika, "tunaomba atambae hukuhuku."

Nikazikunja, nikamrudishia, na ya magoti nikayaacha hapo.

Akeyo alikuwa nyuma yangu ananitazama. Tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye machela, yeye anatembea kando, viatu vya kuazima.

Jioni Hellen kapita na ndoo, tumbo limeshuka. Kanisalimia kwa adabu, hakutaja barua yake. Afadhali angeitaja.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi usiku, sijanawa hata vumbi. Naandika hivyohivyo.

Saa tatu nilikuwa tayari. Machela mbele ya ofisi, mimi juu yake, vitambaa vipya magotini, Ngosha na wenzake wanasubiri kunishusha hatua chache nimpokee Afisa. Akeyo amesimama mlangoni, mikono kifuani. Saa nne kasoro zikasikika kelele kutoka kwa Mzee Maige, na Bernadeta akaja anakimbia bila kitambaa kichwani. Sijawahi kumwona bila kitambaa.

Hellen ameanza uchungu tangu alfajiri. Mtoto ametanguliza mkono.

"Huyu siwezi," Bernadeta kasema. "Huyu ni wa kupasuliwa." Kisha kanitazama, na akasema kwa adabu kabisa, kama anayeniomba kiti: "Mtendaji, samahani. Tunaomba machela."

Nimeshuka. Sikuchechemea. Sikukumbuka kuchechemea. Nimekamata kichwa cha machela tukakimbia nayo mpaka kwa Maige, tukamweka Hellen, Akeyo akamfunika khanga yake. Hellen alikuwa ameuma mdomo mpaka damu, halii. Alikuwa ananitazama mimi. Ile barua ingekuwa imeandikwa Jumatano, leo angekuwa zahanati.

Tumeshuka. Ile njia yetu ni mawe matupu, mengine unashuka kwa makalio. Kwenye mwamba wa pili Ngosha kateleza, kifundo kikageuka, akaanguka bila kuachia mti. Nimempokea. Sijui nilifikaje. Nilijikuta bega liko chini ya mti na uzito wote uko juu yangu, kitambaa cha goti kimefunguka kinaburuzika nyuma, na ninapiga kelele: kushoto, kushoto, mawe!

Kwenye kona tukakutana nao. Bi Rose Kashindye, faili mkononi, anapanda. Nyuma yake Chenge, aliyekuja kushuhudia.

Nimemwambia, "Habari za kazi, Bi Rose." Sikupata la maana zaidi. Tukapita.

Nikamsikia nyuma yangu anauliza ni nini. Bernadeta kamjibu kwa maneno matatu. Kisha sauti ya Bi Rose: "Gari langu liko chini! Chukueni gari langu!" Na viatu vyake vikaanza kugonga mawe, anakimbia na sisi.

Mzee mmoja aliyekuwa kona ya nyuma aliishiwa pumzi. Chenge ndiye aliyempokea. Chenge! Kwa vile viatu vyake vyeusi vilivyochongoka! Ameshika mti wa pili, bega kwa bega na mimi, tunahema usoni kwa usoni. Hakuna aliyemtania mwenzake. Alisema mara moja tu, "Taratibu hapo, Oyoo, kuna tope," na palikuwa na tope.

Gari la zahanati lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine mjini tangu asubuhi. Tungemfikisha Hellen Bondeni tukasimama naye hapo. Gari pekee chini ya mlima ule lilikuwa la Afisa Utumishi, lililokuja kutazama magoti yangu. Wamemlaza kiti cha nyuma, Bernadeta na Akeyo wameingia naye, Bi Rose mbele, dereva ameondoka na vumbi kuelekea hospitali.

Mimi na Chenge tumebaki tumekaa kando ya barabara. Kanipa maji. Baada ya muda katazama magoti yangu. Kanitazama mimi. Kisha kaniongezea maji.

Nimemshukuru. Sijui kama niliwahi kumshukuru Chenge kwa lolote.

Jumanne, 11 Juni

Amejifungua! Wa kike. Kilo tatu na robo. Mama mzima, mtoto mzima, mkono mzima. Akeyo kapiga saa mbili asubuhi, nikiwa juu ya Jiwe la Mtandao, na nimelia huko juu mbele ya ng'ombe wa watu.

Kijiji kimesikia kupitia kwangu. Nimepiga kelele kutoka juu ya jiwe na vigelegele vikapokelewa mpaka ng'ambo ya bonde.

Mtoto ameitwa Rose. Kwa heshima ya gari. Sisemi kitu. Ila Yakoba pia ni jina.

Mchana Bi Rose kapanda tena, kwa miguu yake, kafika juu hana hata pumzi ya kusalimia. Akeyo yuko naye, Bernadeta yuko naye. Kijiji kimekusanyika mbele ya ofisi. Mzee Maige kamkabidhi zile karatasi nne. Bi Rose kasoma zote, taratibu, na dole gumba moja moja. Kisha kafungua faili akatoa barua yangu na kuisoma kwa sauti. Magoti yanayolia kama mlango. Kila hatua mateso. Ile huruma yote niliyoiona nilipoiandika sijui ilikwenda wapi.

Kauliza kama kuna anayeweza kumweleza alichokiona jana njiani.

Bernadeta kasimama. Kasema ni rahisi, amenitibu yeye, kwa mawe, Jumanne iliyopita. Watu wakapiga makofi! Mama mmoja kauliza kama yanafaa na kwa mgongo. Nikaona mlango mkubwa umefunguliwa mbele yangu, kazi yangu ni kupita tu. Nilishainua mguu nioneshe ulivyopona.

Akeyo alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonishinda.

Nimesema. Nimesema yote, nimesimama kwenye miguu yangu miwili mizima. Kwamba hayakuwahi kuuma. Kwamba walinibeba bure. Kwamba Hellen aliniomba barua na nikasema kesho. Na nilipokuwa nimeshaanza, nimesema na ya bomba.

Bernadeta akaketi.

Mzee Maige kasimama, kavaa kofia yake. Kauliza, "Ulikuwa unataka nini huko mjini, Mtendaji?"

Nikamwonesha Akeyo kwa mkono. "Mke wangu, mzee. Ni hilo tu."

Kafikiri. Kasema, "Ungesema. Na sisi tuna wake."

Watu wakacheka, siyo kwa ubaya. Kuhusu bomba hawakunielewa kabisa. Wameamua ninajishusha. Bernadeta naye amekataa katakata kwamba sikuwa mgonjwa. Kasema alisikia mwenyewe nilivyopiga kelele.

Bi Rose kaniita ofisini. Kasema barua ya kujieleza ataitaka, kurasa mbili, na safari hii iwe ya kweli. Karipio litaingia kwenye jalada. Mtendaji anayesema kesho kwa mama mjamzito, kasema, akirudia hatamwandikia karipio, atamfukuza. Nimesema ndiyo. Nilistahili.

Kisha kauliza kwa nini sikujaza fomu ya kumfuata mwenza.

Nikauliza fomu gani.

Kaweka kalamu chini. Ipo fomu, kasema. Ukurasa mmoja. Mtumishi ambaye mwenza wake anaishi na kufanya kazi kituo kingine anaruhusiwa kuomba amfuate, na maombi hayo ndiyo yanayotangulizwa. Ipo miaka yote. Ipo kwenye kabati, karibu na mlango. Chenge, anayeishi na mke wake, hawezi hata kuijaza.

Miaka minne!

Kasema ataituma. Nibandike cheti cha ndoa, barua ya mwajiri wa Akeyo itafuata, basi. Akipatikana wa kunipokea kijiji, nitahama. Wananchi nao watapewa muda wa kuzoea.

Akeyo kashuka saa kumi awahi gari la Nyakato. Nimemsindikiza mpaka chini. Kanishika mkono njia nzima, kwenye mawe na pasipo mawe. Sikumbuki kama mlima ulikuwa mrefu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeandika barua tano kabla ya kunywa chai. Kina mama wote wa vitongoji vinne wanaokaribia kujifungua. Nimezipeleka mwenyewe, kwa miguu, mpaka kile kitongoji cha mbali. Wamenipa kuku mwingine.

Ngosha kifundo kimevimba, Bernadeta amemshika na mawe. Nimesikia kutoka hapa. Nimempelekea yule kuku.

Hellen anarudi keshokutwa. Mzee Maige kasema mtoto akifika nitamshika wa kwanza baada ya baba yake. Nashukuru kwa hilo. Nashukuru kwa gari, kwa Bi Rose, kwa viatu vya Chenge. Nashukuru kwa watu hawa mia mbili na kumi na nne wenye vidole vya masizi, ambao nilitaka kuwakimbia kwa uongo na wao wakanibeba. Akeyo akisoma ukurasa huu atadhani daftari si langu.

Nimeapa. Sitamdanganya tena mtu yeyote wa serikali wala wa kijiji.

Alhamisi, 13 Juni

Fomu imefika! Chenge kaileta mwenyewe kwa pikipiki mpaka chini, kisha kapanda nayo. Kasema jiwe la tatu linahitaji kuwekewa ngazi. Tumekunywa chai. Ameifuta ile picha.

Nimejaza saa ile ile. Ukurasa mmoja kweli. Jina langu, kweli tupu. Jina la mwenza, kweli. Anafanya kazi wapi, tangu lini, kweli, kweli. Mtoto mmoja, Akinyi, kidato cha tatu. Cheti cha ndoa nimekibandika, kimeingia kama kilipimiwa. Haki yangu yote, imeandikwa kwa wino wa bluu. Haikuhitaji kingine.

Ila chini kabisa pana sehemu imeandikwa "Maelezo mengine, kama yapo." Mistari sita. Mitupu!

Nimeiacha. Nimekunywa chai nyingine. Nimerudi nikaitazama. Mistari sita ni mingi. Afisa anayesoma fomu mia moja atasimama kwenye ipi, yenye mistari mitupu au yenye jambo? Isije ikaonekana ni dharau.

Nimeandika kwamba mke wangu ni mjamzito.

Hiyo ilijaza mstari mmoja tu. Nikaongeza, wa mapacha.

Chenge ameondoka nayo saa nane. Saa kumi na mbili nilikuwa kwenye Jiwe la Mtandao, Bi Rose kanipigia. Ameguswa sana. Kwa hali ya mama, kasema, na umri wake wa miaka arobaini na miwili, maombi yangu ameyaweka juu ya mengine yote. Kauliza wanatarajiwa lini. Nikasema Desemba. Kasema Jumamosi ana safari ya Nyakato, atapita nyumbani kumpa Akeyo hongera yake, na ameshamnunulia vitenge viwili vinavyofanana.

Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kimebaki kitu kimoja kidogo, kumwambia Akeyo kwamba ana mimba.